Saa ya mkononi ilivyoonyesha moyo wa binti yangu

Kuna mama wa Jinja ameniandikia inbox juzi anauliza eti ni kweli saa inaweza kushika tatizo la moyo wa mtoto au ni maneno ya wauza simu tu. Mama, ni kweli kabisa, ila lazima ujue kazi yake inaishia wapi.

Binti yangu alikuwa P6, yaani darasa la sita, mambo yalipoanza. Ametulia tu anakula posho na maharage, ghafla anaweka kijiko chini, anasema baba moyo unanikimbia, na ukimtazama shingoni unauona mshipa unarukaruka. Halafu inaacha ghafla vilevile. Tukifika kliniki imeshapita, wanapima malaria, wanapima presha, mapigo yako sawa, tunarudi na panadol. Kliniki moja hapa Kampala walituambia mtoto anaogopa mitihani anatafuta sababu ya kukaa nyumbani, na walisema hivyo mbele yake. Linaniuma mpaka leo, maana baada ya hapo akishikwa hakusema tena, anajifungia chumbani mpaka ipite.

Shemeji alikuja likizo kutoka Uingereza na Apple Watch yake. Jioni moja ikamshika binti, tukamfunga ile saa, ikasoma mapigo 214 kwa dakika. Mtoto amekaa kwenye kochi! Shemeji akafungua ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, binti akaweka kidole kwenye kile kitufe cha duara cha pembeni, sekunde 30 bila kutikisika. Saa haikutaja ugonjwa, mapigo yakishapita 150 haiwezi kutaja, lakini mchoro ulibaki kwenye simu na huo mchoro ndio tulikuwa tunaukosa siku zote. Daktari wa moyo pale Uganda Heart Institute, Mulago, aliuangalia, akauliza inaanza ghafla na kuisha ghafla? Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Wakampima kwa mashine zao, ikawa SVT, yaani umeme wa moyo unazunguka njia isiyo yake. Sasa yuko kwenye dawa na amerudi kukimbia mbio za shule, na nawaambia anakimbia kweli.

Na si sisi tu. Madaktari wa Stanford kule Marekani walichapisha mwaka 2023 kuhusu watoto 41 ambao saa hiyo ilionyesha mapigo mabaya na vipimo vya hospitali vikathibitisha, 29 kati yao ndiyo mara ya kwanza kujulikana wana tatizo.

Sasa wazazi wenzangu, sikilizeni vizuri. ECG ya Apple imetengenezwa kwa watu wa miaka 22 kwenda juu, kwa hiyo ikisema mtoto yuko sawa usilale usingizi. Mtoto akizimia akiwa anakimbia au anacheza mpira, achana na saa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Saa nyingi za bei rahisi hazina ECG, zinasoma kwa mwanga tu, na mkanda ukilegea kwenye kamkono kembamba zinatoa namba za uongo. Mwaminini mtoto kwanza, saa baadaye.

Na kama huna pesa ya saa, bado una simu. Akishikwa, rekodi video ya shingo yake, shika mapigo mkononi uhesabu sekunde 15 uzidishe mara 4, na kama yanakushinda kuhesabu kwa hiyo kasi, mwambie daktari hivyohivyo, umwonyeshe na video kabla hajaanza kuandika Coartem ya malaria.