Jeki niiweke wapi? Maswali yenu ya kuinua gari nyumbani

Mmeuliza sana kuhusu jeki safari hii, nami nimefurahi, maana hii ni kazi watu wanaifanya haraka haraka wakati chini ya gari anaingia mtu. Twende moja moja.

Chini ya gari naona vyuma tu, ntajuaje sehemu yenyewe ni ipi?

Anza na kitabu cha gari, kina mchoro. Kama kitabu hamna, chukua tochi ulale pembeni uangalie ukingo wa bodi unaopita chini ya milango. Gari ndogo nyingi zina mshono pale, yaani mabati yamechomelewa pamoja yakaelekea chini, na nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma utaona vikato viwili kwenye huo mshono. Jeki inakaa katikati ya hivyo vikato, hapo bati limeongezewa nguvu kwa ndani, ukisogea pembeni tu mshono unapinda na jeki inaweza kuteleza. Jeki ya mkasi, ile ya kuzungusha inayofunguka kama mkasi, ina mfereji kichwani, hakikisha mshono umeingia humo kabla hujaendelea kuzungusha. Kama ukingo umefunikwa plastiki, tafuta alama ya mshale au kifuniko kidogo cha kuchomoa. Pikapu na gari zingine zenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, jeki inakaa kwenye chesisi au ekseli, kitabu chake kitakwambia wapi hasa.

Nimeambiwa popote penye chuma kigumu panafaa, hata sampo. Kweli?

Si kweli, na aliyekwambia hivyo usimpe gari yako. Sampo ni lile bakuli la oili chini ya injini, ikipasuka oili yote chini, na hata ikibonyea tu bila kupasuka inaweza kuziba pale pampu inapovutia oili, sasa injini inakaukiwa we unaendesha hujui. Giaboksi, ekzosi, tangi la mafuta, bati la sakafu, vyuma vyembamba vya usukani, vyote hivyo si vya jeki. Gari ya umeme uwe makini zaidi, kwa nyingi betri imetandazwa chini ya sakafu, kwa hiyo tumia zile pointi zake tu na uweke kipande cha mpira kinachoendana nazo.

Uwanja wangu ni udongo, hamna zege. Nifanyeje?

Udongo hata ukiuona mgumu unabonyea, kwa sababu uzito wa upande mzima wa gari unashukia kwenye kitako kidogo cha jeki. Weka chini yake ubao mnene usio na ufa, mpana kuliko kitako, na uhakikishe umelala vizuri hauchezi. Mchanga, kokoto au mteremko, achana napo, sogeza gari. Lami nayo jua likiwa kali inalainika na miguu ya stendi (vile vyuma vya kubeba gari ikishainuliwa) inazama taratibu, kwa hiyo ubao unahitajika hapo pia.

Sasa wenye jeki ya magurudumu sikilizeni hili, maana wengi hawalijui. Ile jeki mkono wake haupandi wima, unapanda kwa kuzunguka, ndo maana inapoinua inatakiwa itembee kidogo kufuata gari. Magurudumu yake yakizama kwenye udongo haiwezi kutembea, basi ama inalivuta gari au kichwa kinachomoka pale kilipokaa. Kwa hiyo ubao wake uwe mrefu kiasi cha kuiachia nafasi ya kutembea, isije ikadondoka ukingoni, na we kila ukipiga mpini mara chache simama uangalie kichwa cha jeki kimekaaje.

Nikivuta hendibreki si inatosha?

Inategemea unainua wapi. Kwa gari nyingi hendibreki inashika tairi za nyuma tu, ukiinua nyuma imebaki kushika tairi zilizo hewani. Na kwa otomatiki inayovuta kwa mbele, P (gia ya kuegesha) inazuia upande wa mbele, lakini ukiinua tairi moja la mbele hilo linaweza kuzunguka hewani afu lile lililobaki chini nalo likabiringika. Vuta hendibreki, weka P au gia ya kwanza, halafu piga kabari tairi zinazobaki chini, mbele na nyuma yake. Watu wote washuke. Kama unatoa tairi, nati zake zilegeze kidogo gari ikiwa bado chini.

Namwaga oili tu, dakika kumi, naweza kuingia chini na jeki peke yake?

Hapana, nakuomba sana, hata dakika moja usiingie. Jeki ya haidroliki inashikiliwa na oili iliyozuiwa na sili ndogo za mpira, sili ikiachia gari inashuka na huna pa kukimbilia. Tumia stendi, mbili, zenye tani za kutosha gari yako. Tofali na bloku usiweke kabisa, zinapasuka ghafla. Gari ikishakaa kwenye stendi isukume kwa mikono kabla hujaingia, ikitikisika vibaya ishushe uanze upya. Tairi la spea nalo liingize chini ya ukingo. Kama stendi hamna, hiyo oili isubiri.

Jeki imeshakaa kwenye ile pointi, stendi sasa inakaa wapi?

Swali zuri. Gari nyingi zina boriti imara katikati, mbele na saa ingine nyuma, ambayo kitabu kinaruhusu kuwekea jeki ya magurudumu. Unainulia hapo, stendi zinakaa kwenye vikato vya pembeni zikiwa na mpira wenye mfereji. Kama kitabu hakionyeshi hiyo boriti, usibahatishe.

Mshono una kutu, bado naweza kuinulia hapo?

Uchokoe kwa bisibisi. Ukiwa imara, sawa. Ukimeguka au bisibisi ikizama, usiweke jeki wala stendi pale mpaka umechomelewa bati jipya, na usijipe moyo na upande wa pili kabla hujauchokoa nao.