Swichi ya rimoti: anza na waya, redio iwe ya mwisho

Banda la kuku la mama liko kama hatua sitini kutoka mlango wa jikoni, na njia yake usiku haifai. Giza, majani marefu, na masika nyoka hawakosi. Taa ya sola ya volti 12 ilishafungwa bandani, ila swichi yake iko hukohuko. Nikaamua kumtengenezea rimoti, wakati nilichokijua kwenye elektroniki ni kuwasha LED, kile kitaa kidogo, kwa betri na basi.

Nilinunua Kariakoo vibao viwili vya redio vya megahezi 433, cha kurushia na cha kupokelea. Vinauzwa kwa jozi na bei yake haiumizi. Nikaweka kitufe upande mmoja, LED upande wa pili. Nilipowasha kipokezi, LED ikaanza kumetameta ovyo, na rimoti yenyewe hata betri haijatiwa! Nikabadilisha waya, nikanunua jozi nyingine, hali ileile. Wiki mbili zilikwenda hivyo.

Vibao vilikuwa vizima. Kipokezi cha aina hii kisipomsikia mwenzake hakinyamazi. Kinazidi kutega sikio mpaka kinatoa makelele yaliyojaa hewani. Kwa hiyo unahitaji chipu mbili. HT12E hukaa kwenye rimoti na kutuma amri pamoja na anwani. HT12D hukaa upande wa taa, na haikubali kitu mpaka anwani yake ije sawasawa mara tatu mfululizo. Mguu wa 1 hadi wa 8 wa kila chipu ndiyo anwani yenyewe: ukiuunganisha na hasi ni sifuri, ukiuacha wazi ni moja. Zinapatikana anwani 256, uchague moja na uiweke vilevile pande zote mbili.

Nilipokwama tena, nilimpelekea fundi redio mmoja wa mtaani kwetu, mzee wa makamo. Aliangalia kidogo akasema, "Kijana, toa hizo redio zote. Weka waya." Ushauri huo ndio ulionivusha, na ndio ninaokupa wewe.

Chukua waya, utoe mguu wa 17 wa HT12E uupeleke mguu wa 14 wa HT12D. Hasi za pande zote mbili ziunganishe pamoja, hapo wengi wanasahau. Mguu wa 17 wa HT12D weka LED na rezista (kipande kinachopunguza umeme) ya kilo-ohm 1 kwenda hasi. Sasa gusisha mguu wa 14 wa HT12E na hasi. LED ikiwaka, chipu zinaelewana. Isipowaka, hangaika hapohapo wala usiiguse redio kwanza. Mimi kosa langu lilikuwa kwenye rezista zinazokaa kati ya mguu wa 15 na wa 16. HT12E inataka mega-ohm 1 (kahawia, nyeusi, kijani), HT12D kilo-ohm 51 (kijani, kahawia, chungwa). Nilikuwa nimezipishanisha. Zipime kwa multimita kabla ya kuzichomeka, maana rangi hizo chini ya taa hafifu hudanganya. Waya ukikubali, ndipo uutoe na kuweka vile vibao viwili mahali pake.

Kwenye rimoti, kitufe kinatuma; swichi ndogo ya kutelezesha kwenye mguu wa 10 inaamua kama unatuma kuwasha au kuzima. Mguu wa 10 wa HT12D unashika amri ya mwisho, kwa hiyo taa inabaki ilivyo hata ukiachia kitufe.

Taa yenyewe inawashwa na rilei, swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme; usiiunganishe moja kwa moja na chipu. Rilei ya kawaida ya volti 5 inavuta kama miliampia 70, na mguu wa chipu hauna nguvu hiyo. Weka transista BC547 katikati (inapokea umeme mdogo wa chipu na kuruhusu mkubwa wa rilei), rezista ya kilo-ohm 1 kwenye besi yake, yaani mguu unaopokea amri, na daiodi 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye koili ya rilei, yaani waya uliozungushwa ndani yake, mstari wa daiodi ukielekea chanya. Daiodi hiyo niliiona ya ziada nikaiacha. Rilei inapozima, koili yake inarudisha volti kali, na transista yangu ya kwanza ilikufa hivyo.

Antena ni waya wa sentimita 17.3, robo ya urefu wa wimbi. Nilichomoa uzi mmoja kwenye kebo ya intaneti, nikaulehemu kwenye vibao vyote viwili, ukisimama wima. Bila antena taa ilikuwa inatii ndani ya chumba tu. Nilipoiweka, mama akawasha akiwa mlangoni pa jikoni.

Umeme wa nyumbani wa volti 230 uache mpaka umeshatengeneza kadhaa za volti 12, na siku hiyo awepo fundi umeme karibu nawe. Geti wala kufuli la mlango usilifungie kifaa hiki hata kidogo: kinatuma namba ileile kila siku, na mwenye kipokezi jirani anaweza kuinasa na kuirudia.

Anwani uliyochagua iandike kwa kalamu ndani ya mfuniko wa boksi, la rimoti na la upande wa taa pia. Rimoti ya mama ilianguka kwenye ndoo ya maji mwaka uliofuata, na kwa maandishi hayo nilimtengenezea nyingine jioni ileile bila kufungua boksi la bandani.