Ukigongwa, Usikimbilie Kumalizana

Ukigongwa na gari, hata vumbi halijatulia utasikia: "Tumalizane tu, polisi ya nini?" Anayesema hivyo si lazima awe mtu mbaya. Ila anajua kwamba siku ile hakuna anayejua gharama ya mguu uliovunjika, na bei ikipangwa mapema inapangwa kwa faida yake.

Mdogo wangu aligongwa akiwa amepakiwa kwenye bodaboda, barabara ya Kibaigwa. Mwenye gari akatoa laki tatu palepale, na karatasi ya daftari iliyoandikwa "sina madai mengine". Dogo hakusaini kwa sababu moja tu: mkono wa kulia ndio uliovunjika. Ile laki tatu isingetosha hata vyuma alivyokuja kuwekwa.

Kinachobeba madai ni karatasi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ichukuliwe polisi mapema. Mgonjwa akiwa na hali mbaya atibiwe kwanza, ndugu afuatilie fomu. Baadaye omba taarifa ya polisi ya ajali pamoja na ramani yake. Piga picha namba ya gari na stika ya bima, kisha ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, mtandaoni, maana stika feki zipo. Usikate tamaa ukiambiwa gari lina "bima ndogo tu". Bima hiyo ndiyo Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo, na imewekwa kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na gari hilo.

Risiti nazo zina mambo yake. Zile za mashine ya EFD hufutika, na kwa joto letu hili ukiziacha kwenye mfuko wa rambo miezi michache unabaki na vikaratasi vyeupe. Zitoe kopi siku hiyohiyo. Mahakamani, kila shilingi unayosema uliitumia lazima uithibitishe. Maumivu na usumbufu ndivyo hakimu anavyovikadiria mwenyewe. Dogo ni fundi wa kupaua, hana hati ya mshahara. Kipato chake tulikionyesha kwa miamala ya simu na barua ya msimamizi wa saiti.

Wengi hudhani dereva akishapigwa faini mambo yamekwisha. Faini inaingia serikalini. Fidia yako ni dai lingine: unaanza na kampuni ya bima, na mkishindwana unafungua kesi ya madai. Kwa jeraha la namna hii sheria inakupa miaka 3 ya kufungua kesi, na miaka hiyo huisha haraka kuliko unavyodhani.

Kampuni ikikubali kulipa italeta hati ya kusaini. Tafuta maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukisaini hapo, kurudi tena ni kazi ngumu sana, kwa hiyo subiri daktari aandike kama kuna ulemavu utakaobaki. Wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, ambao makao makuu yao yako hapahapa Dodoma, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Aliyeumia kazini ana njia nyingine, nami naona ni nyepesi zaidi. Vijana wengi wanafanya kazi kwenye majengo huko Mtumba bila kujua kwamba mwajiri anapaswa kuwachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, tena bila kuwakata mshahara. Huko huhitaji kuthibitisha kosa la mtu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, kwa muda usiozidi miezi 24. Sharti ni ajali iripotiwe ndani ya miezi 12.

Halafu kuna vishoka. Wanakufuata mpaka wodini, wanaahidi mamilioni, na mwisho wanataka nusu. Ukimtaka wakili, nenda ofisini kwake, na malipo myaandike kabla hajaanza kazi. Usipokuwa na uwezo, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako ikuelekeze kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Hao hawatozi.