Umejaza kama kapera Marekani, mke yuko Mwanza

Pole ndugu kwa barua ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inayokudai kodi, baada ya kujaza fomu ya kodi kama kapera. Aliye na ndoa tarehe 31 Desemba, IRS humhesabu mwenye ndoa mwaka mzima, hata mke akiwa Mwanza. Kujaza kama kapera ndiko kulikoleta deni.

Usikubali kiasi cha kwenye barua kabla ya kupiga hesabu upya. Kujaza pamoja mara nyingi hushusha kodi, ila kipato cha mkeo cha Tanzania nacho kitaingia. Tumia fomu 1040-X (ya kurekebisha fomu uliyokwisha kujaza), ambatisha fomu W-7 ya kumwombea mkeo ITIN (namba ya mlipakodi kwa asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani), na tamko la kuchagua mkeo ahesabiwe mkazi wa Marekani kwa ajili ya kodi, lenye saini zenu wote wawili. Wengi husahau hilo tamko. Jibu kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua, maana riba haisimami. Fedha zikipungua, omba siku 180 za kulipa: maombi hayana ada.