Kliki ngapi kwa mita 25?

Risasi zikitua sentimita 3 chini ya alama kwa mita 25, panda kliki 16 au 17 kwenye darubini ya bunduki, si 4. Kliki ni hatua moja ya kitufe cha kuirekebisha. Darubini ya 1/4 MOA (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya digrii) husogeza milimita 7 kwa kila kliki ukiwa mita 100. Pembe haibadiliki, ila umbali umepungua mara nne, kwa hiyo kliki hiyohiyo inakupa milimita 1.8 tu. Sentimita 3 ni milimita 30: 30 gawanya kwa 1.8, basi.

Lakini usiguse darubini kwa risasi moja. Piga tano, pima kutoka katikati ya kundi. Kundi lenyewe likitawanyika kama kiganja, kliki hazitasaidia, shida iko kwenye mkao. Bunduki ikiwa haina risasi, lenga, fumba macho, vuta pumzi na kuitoa, kisha fumbua. Ukikuta umehama kutoka kwenye alama, sogeza mwili wote, usiisukume bunduki kwa misuli ya mkono. Wengi hulaumu darubini bure wikiendi nzima kwa hili.

Na ukishaiweka sawa kwa mita 25, bado uihakiki kwa mita 100.