Toka usiku hajala, saa nane mchana tunaambiwa imeahirishwa

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Mi ni msomaji wenu huku Tanga, naandika bado nina hasira kwahiyo unisamehe nikirukaruka. Baba yangu ana miaka 71, ana tezi dume, anatembea na mpira wa mkojo tangu mwezi wa tatu. Akapangiwa oparesheni hospitali moja kubwa ya Dar, ukoo mzima tukachanga, wadogo zangu wawili wa kiume wakatoa damu, na kabla ya safari mzee akaombewa dua msikitini. Usiku wa kuamkia siku yenyewe wakatuambia kuanzia saa sita asiweke kitu mdomoni, tukafuata, yani hata dawa zake za presha za asubuhi sikumpa. Akavalishwa lile gauni la kijani, kanula mkononi, akasubiri weee mpaka saa nane mchana ndo wanamsukuma tieta, nusu saa haijaisha anarudishwa, nesi anasema presha 194 kwa 112, imeahirishwa, mrudi baada ya wiki 3. Basi, hakuna aliyetuambia kingine. Mzee kakaa kitandani na gauni lake mpaka magharibi hajala sababu hatukujua kama ameruhusiwa, uji niliomletea umelala kwenye hotpoti. Sasa tumerudi nyumbani anasema huko harudi, bora afe na mpira wake. Je, damu ya wadogo zangu ndo imeenda bure? Na mtu ambae ameshakataa namrudishaje?
Binti wa Mzee

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, na mfikishie mzee salamu zangu. Hasira yako naielewa. Nimefanya kazi tieta miaka mingi na nakwambia kuahirishwa kwenyewe sio kosa mara zote, kosa ni kumwacha mzee wa watu na njaa mpaka magharibi bila mtu kumwambia baba unaweza kula sasa. Hilo halina utetezi, na ukitaka kulalamika kaandike kwenye ofisi ya malalamiko ya hospitali, majina ya watu sio lazima, tarehe na wodi vinatosha.

Ila kuna sehemu kwenye barua yako nimeisoma mara mbili, hiyo ya dawa za presha. Watu wengi wakisikia "asiweke kitu mdomoni" wanaacha na vidonge, na manesi wetu wengi hawafafanui. Dawa nyingi za presha mgonjwa anatakiwa azimeze asubuhi ile ile na maji kidogo tu ya kusukumia kidonge, ingawa zipo aina ambazo dokta wa usingizi anataka zisimame, ndo maana lazima muulize, kidonge kwa kidonge, mkiwa na pakiti mkononi. Sasa chukua mzee wa miaka 71, hajameza dawa, hajalala usiku, ana kiu, anaogopa, alafu anaingizwa chumba cha baridi chenye taa kubwa na watu waliofunika nyuso. Presha itaacha kupanda? Ikifika 180 kwa 110 wataalamu wengi wa usingizi wanasita kama oparesheni sio ya dharura, sababu anaweza kupata kiharusi au moyo ukamsumbua pale pale mezani. Kwahiyo aliyemrudisha hakumnyanyasa.

Hizi wiki 3 zitumieni. Dawa ameze kila siku, sio siku anayojisikia kichwa kinauma. Mpelekeni zahanati ya karibu apimwe presha asubuhi mara kadhaa kwa wiki, mwandike namba na tarehe kwenye daftari alafu hilo daftari mwende nalo Dar, maana dokta akiona nyumbani presha inatulia na pale hospitali inapanda anajua anashughulika na woga, na woga una dawa yake, wanaweza kumpa kitu cha kumtuliza kabla. Kama bado iko juu hata nyumbani msisubiri tarehe, arudi kliniki abadilishiwe dawa. Na kama anatumia dawa za sukari au za kuyeyusha damu na alizisimamisha kwa ajili ya oparesheni, pigeni simu leo muulize anaanza tena lini. Hapa watu wanaumia kimya kimya, oparesheni imeahirishwa na dawa nazo zimeahirishwa bila mtu kuamua.

Mpira nao una tarehe zake. Hii ya kawaida ya latex inabadilishwa kama kila mwezi hivi, ikipitiliza inaziba na kuleta maambukizi, kwahiyo angalieni ulibadilishwa lini mara ya mwisho. Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote, hata akiwa kwenye daladala asiupakate. Akipata homa ya kutetemeka, au mkojo ukigoma na tumbo la chini likajaa, au yakitoka mabonge ya damu, siku hiyo hiyo hospitali, hapo hakuna cha wiki 3.

Damu haijaenda bure. Chupa ya damu inakaa kwenye friji siku 35 hivi, ila msitegemee kwamba ile ya wadogo zako ina jina la mzee, inaingia benki ya damu na pengine usiku ule ule imemuokoa mama aliyetoka kujifungua. Tunzeni kadi zao za kuchangia, na kabla ya kusafiri ulizeni maabara kama zile chupa mbili bado wanawahesabia, sababu mwanaume anatakiwa akae miezi 3 kabla ya kutoa tena na hao wawili wiki 3 zijazo hawafai. Mkifika, mzee atatolewa tena sampuli ya kulinganisha damu, nimeona ndugu wakigomba eti anaibiwa damu, hapana, ile sampuli haikai zaidi ya siku 3 hivi.

Haya, mzee mwenyewe. Mwanangu, sidhani kama anachokataa ni kisu. Aliagwa na msikiti mzima, watu wamechanga, na sasa kila anayempita barazani anamuuliza "vipi, imeshafanyika?" na mpira bado upo chini ya kikoi. Hiyo ni aibu kwa mwanaume wa umri wake na wewe binti yake hawezi kukwambia. Kwahiyo usimbembeleze wewe. Mtafute mzee mwenzie aliyefanyiwa tezi dume akapona, kwa Tanga hawakosekani, aje wanywe kahawa na wewe utoke hapo kabisa uende sokoni. Wataongea mambo ambayo hayakuhusu. Wale wanaouliza, mjibu wewe kwa ufupi kwamba dokta anasubiri presha ishuke, basi, waache kumuuliza yeye.

Siku moja kabla ya kupanda basi pigeni simu wodini muulize kama tarehe bado ipo. Na akilazwa tena, usiku ule ule muulize nesi wa zamu: dawa zipi ameze asubuhi, na maji mwisho saa ngapi, maana utaratibu unaotumika sehemu nyingi ni chakula masaa 6 kabla na maji matupu masaa 2 kabla, hii ya kumnyima mtu maji toka saa sita usiku kwa oparesheni ya mchana ni mazoea tu. Ikisogezwa tena uliza hapo hapo "anakula?"

SWALI: Bibi Nesi, mwanangu wa miaka 4 alikuwa afanyiwe ngiri, tumefika wamemrudisha kisa mafua na kikohozi. Mafua na ngiri wapi na wapi? Wametuzungusha?
Mama wa Mwanza

JIBU: Hawajawazungusha. Mtoto mwenye kikohozi akipewa dawa ya usingizi njia ya hewa inaweza kubana ghafla, kwa watoto hiyo ni hatari kubwa kuliko ngiri yenyewe. Kawaida wanasubiri wiki 2 mpaka 6 kutegemea kifua kilivyokuwa. Ila kile kivimbe kikigoma kurudi ndani, kikawa kigumu, mtoto analia na kutapika, kimbia nae hospitali hata kama ni saa tisa usiku na mafua yake yapo, hapo wanamfanyia hivyo hivyo.