Tarehe ya Kusasishwa: Maswali Yenu

Ukurasa wa chama chetu umeandikwa "Ulisasishwa 04/03/2025". Mwanachama wetu aliye Marekani anasisitiza ni Aprili. Nani kakosea? – Kasarani

Hakuna aliyekosea. Sisi huanza na siku, wao huanza na mwezi. Mwandikie mtu mwezi kwa jina, kisha mashine uipe umbo linalotakiwa na HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti:

`<time datetime="2025-03-04">4 Machi 2025</time>`

Mwaka tarakimu nne, mwezi na siku mbili mbili. 2025-3-4 haikubaliki. Ukiiacha datetime, basi maandishi yenyewe yanayosomwa lazima yawe 2025-03-04, na wanachama hawatakushukuru.

Na saa je? Tulibadilisha saa tatu na nusu asubuhi. – Ngara

Mashine haihesabu saa zetu, kwa hiyo hiyo ni 09:30. Andika `2025-03-04T09:30+03:00`. Ile +03:00 ni Nairobi mwaka mzima, maana hapa saa hazisogezwi kufuata majira. Usiandike EAT (Saa za Afrika Mashariki) mahali pake, si umbo halali. Ukipenda UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, ni `2025-03-04T06:30Z`.

Nimetumia document.lastModified, msimbo wa JavaScript wa kuonyesha ukurasa ulibadilishwa lini, lakini kila nikifungua ukurasa naambiwa umesasishwa sasa hivi! – South B

Bila shaka ukurasa wako hutengenezwa upya kwenye seva na PHP au programu kama hiyo kila unapoombwa. Kivinjari hutegemea seva itaje tarehe kwenye kichwa cha Last-Modified, mstari unaotumwa pamoja na ukurasa. Seva ikinyamaza, kiwango cha HTML kinaagiza kivinjari kitoe saa ya wakati huo huo. Hata tarehe ikiwa sahihi, hutoka kwa mtindo wa mwezi kwanza, kama 03/04/2025 09:30:00, kwa hiyo huwezi kuibandika ndani ya datetime ilivyo. Hifadhi siku ya marekebisho kwenye hifadhidata, na seva iiandike yenyewe. Kwangu mimi, ukurasa unaodai kuwa mpya kila siku ni mbaya kuliko usio na tarehe kabisa. Msomaji anayetafuta nauli au karo atauamini, aumie.

Kwa hiyo Last-Modified nayo niiandike 2025-03-04? – Umoja

La, hiyo hufuata kanuni ya HTTP, yaani ya mawasiliano ya seva na kivinjari, si ya HTML: `Tue, 04 Mar 2025 06:30:00 GMT`. Majina hubaki ya Kiingereza hata ukurasa ukiwa wa Kiswahili, na saa ni GMT daima, hapa sawa na ile UTC.

Nikirekebisha koma moja, nibadilishe tarehe? – Buruburu

Mimi singebadilisha. Ukirekebisha bei, badilisha.